Sondaje ya vyama si kura

   

Leo tunaongea juu ya watu wanaopita wakiuliza: "Kama uchaguzi ungefanyika leo, ungechagua nani? Unapenda chama gani?" Kazi hiyo inaitwa sondaje. Redio za inchi jirani zinaiita kura ya maoni, na jina hilo linaweza kutuletea matata, maana sisi tunajua kura ya maoni nyingine. Mwezi wa 12 wa mwaka 2005 tulipanga mistari, tukajibu ndiyo au hapana juu ya Katiba. Ile ilikuwa kura kweli. Ilikuwa na sanduku, ilihesabiwa, na Katiba ya mwaka 2006 ilitoka humo. Sondaje haina sanduku. Haimketishi mtu kwenye kiti cha ukubwa wala haimwondoi. Kwa hiyo leo nitasema sondaje tu, tusichanganye.

Inafanywaje? Mama anayenunua gunia la maharagi sokoni hahesabu kila punje. Lakini pia hatazami yale ya juu peke yake, maana anajua kwamba mwenye kuuza ameweka mazuri juu. Anaingiza mkono mpaka katikati, anatoa ya pembeni, anatoa ya chini, ndipo anasema bei. Sondaje nzuri ni mkono ule. Watu 1000 wanaweza kuonyesha mawazo ya inchi nzima, kwa kukosea pointi 3 hivi juu au chini, lakini kwa sharti kubwa: wachaguliwe kwa bahati, bila mtu kuwapendelea, na kila mtu wa inchi awe na nafasi ya kuangukiwa na bahati hiyo, wa mjini na wa kijijini, mwanaume na mwanamke, mwenye mali na asiye na kitu. Na kumbukeni zile pointi 3. Sondaje ikisema huyu ana 34 na yule ana 36, haijasema nani yuko mbele.

Wingi wa watu walioulizwa hauponyi ubaya wa kuchagua. Mwaka 1936 huko Marekani gazeti moja, Literary Digest, lilituma karatasi karibu milioni 10 na kupokea majibu zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Landon atamshinda Rais Roosevelt. Siku ya kura Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Gazeti lilikuwa limetafuta majina mengi katika listi za wenye simu na wenye gari, na wakati ule maskini wengi hawakuwa na simu wala gari. Tena waliojisumbua kurudisha karatasi hawakuwa sawa na walionyamaza. Mwaka uleule Bwana George Gallup aliuliza watu wachache zaidi sana, lakini waliotafutwa vizuri zaidi, naye akamtaja mshindi wa kweli. Gazeti lilikuwa limeshika maharagi ya juu.

Sasa turudi kwetu, mwaka 2018, maana hapo tulipata somo letu wenyewe. Mwezi wa 10 wa mwaka ule, sondaje ya BERCI ya Kinshasa pamoja na Kundi la Uchunguzi juu ya Kongo la Chuo Kikuu cha New York ilisema hivi: Félix Tshisekedi 36 kwa mia, Vital Kamerhe 17, Emmanuel Shadary 16, Martin Fayulu 8. Mwisho wa mwezi wa 12, siku chache mbele ya kura, sondaje ya watu walewale ilisema: Fayulu 47, Tshisekedi 24, Shadary 19.

Mtu atasema: tazama, wanadanganya, mtu anawezaje kutoka 8 mpaka 47 kwa miezi miwili? Lakini fikirini yaliyotokea katikati. Tarehe 11 ya mwezi wa 11, wakubwa wa upinzani walikutana Geneva na kumchagua Fayulu awe mtu wao mmoja. Kesho yake Tshisekedi na Kamerhe waliondoa sahihi zao, na baadaye wakaungana wao wawili. Jean-Pierre Bemba na Moïse Katumbi, ambao hawakuruhusiwa kugombea, walibaki nyuma ya Fayulu. Waliokuwa wakiwapenda hao wawili walitafuta mahali pa kwenda. Sondaje ya mwezi wa 10 haikuwa imedanganya. Ilikuwa picha ya mwezi wa 10. Picha ya mtoto wako wa mwaka jana ni ya mtoto wako, lakini usimnunulie viatu kwa kuitazama.

Kisha ikaja tarehe 30 ya mwezi wa 12, siku ya yenga, watu wakapiga kura. Tarehe 10 ya mwezi wa 1, 2019, CENI ilitangaza: Tshisekedi 38,57, Fayulu 34,83, Shadary 23,84. Hesabu hizo hazikufanana na sondaje. Na jambo la tatu ni hili, watu wengi wanalichanganya na sondaje: Maaskofu Wakatoliki, yaani CENCO, walikuwa wametuma watazamaji karibu 40.000 kwenye vituo. Wale hawakuuliza mtu anampenda nani. Walitazama kura zikihesabiwa na karatasi zikibandikwa. CENCO ilisema kwamba matokeo ya CENI hayapatani na yale iliyokusanya. Korti ya Katiba iliyathibitisha matokeo ya CENI tarehe 20, na Rais akaapishwa tarehe 24.

Kwa nini ninawakumbusha haya? Kwa sababu mpaka leo vijana wanagombana wakishika namba hizi mikononi. Mmoja anasema "sondaje ilisema", mwingine anasema "CENI ilisema", na ngumi zinafuata. Kwa maoni yangu, sondaje ya siku ile ilikuwa na haki ya kutufanya tuulize swali: matokeo ya kila kituo yako wapi? CENI haikuyatangaza ya kituo kwa kituo, na swali lile lilikuwa la haki. Lakini sondaje peke yake haiwezi kumpa mtu ushindi, hata ikiwa imefanywa vizuri namna gani. Anayetaka kutetea kura yake atafute karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kituo, aisome, aiandike, aipige picha. Hiyo ndiyo silaha ya raia. Sondaje inaweza tu kumwonyesha mahali pa kutazama.

Tuje sasa kwa ninyi mliohama, maana ninyi hamuonekani katika hesabu hizi. Inchi yetu haijahesabu watu wake wote tangu mwaka 1984. Anayefanya sondaje anatumia makadirio: mji fulani una watu kadiri hii, teritware fulani ina kadiri ile. Vita ikija, makadirio hayo yanabaki kwenye karatasi na watu wanakimbia. Mwenye kuuliza aliyebeba ramani ya mwaka 2024 angekwenda Bulengo au Lushagala, karibu na Goma, akitafuta maelfu ya jamaa. Tangu mwezi wa 2 wa mwaka 2025 angekuta mawe ya volkano na vipande vya bashi. Wale watu wako wapi? Wengine walirudi kwenye mashamba yaliyojaa majani, wengine wako kwa ndugu, wengine barabarani. Na akiuliza kwa simu, nani atajibu? Mwenye simu, mwenye umeme wa kuichaji, mwenye rezo. Mara nyingi simu ya nyumba inashikwa na baba. Mama haulizwi.

Hivyo mkisikia "watu wa Kivu ya Kaskazini wanapenda chama hiki kwa sehemu hii", ulizeni kwanza: walimfikia nani? Inawezekana walifika mjini tu, kando ya lami.

Kukosa kuhesabiwa kunauma. Beni na Butembo wanajua. Mwaka 2018 kura yao, pamoja na ya Yumbi kule magharibi, iliahirishwa kwa sababu zilizotajwa za Ebola na usalama, na wachaguzi zaidi ya milioni 1 walibaki nje. Watu wa Beni wakajipanga wenyewe siku ileile ya tarehe 30, wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakatia karatasi zao sandukuni. Ile haikuwa sondaje, maana waliofika ni waliotaka kufika; wala haikuwa kura ya sheria. Ilikuwa sauti ya watu wanaosema "sisi pia tuko". Kura yenyewe walipewa tarehe 31 ya mwezi wa 3, 2019, ya wabunge, Rais akiwa amekwisha kuapishwa.

Lakini kuna hatari nyingine, nayo ni kuhesabiwa vibaya. Wachefu, hapa ninawaomba masikio yenu. Mtu anafika kambini na karatasi. Mkubwa wa kambi anamwambia: "Usijisumbue kwenda hema kwa hema, mimi nawajua watu wangu, sisi wote hapa ni wa chama fulani." Yule anaandika, anakwenda. Mkubwa amefikiri amesaidia. Kumbe ameweka alama juu ya migongo ya watu mia nyingi. Kesho upepo wa siasa ukigeuka, au kundi lenye bunduki likifika, kambi ile ina jina. Tumeona vijiji vikiteseka kwa sababu ya jina kama hilo, na waliomo hawakulichagua. Tena si kweli kwamba wote ni wa chama kimoja. Baba aliyevaa fulana ya chama, pengine hana shati nyingine. Mama aliyekwenda kwenye mkutano wa hadhara, pengine alisikia kwamba chumvi inagawanywa. Mchefu anaweza kusema njia iko wapi na usalama ukoje. Jibu la moyo wa mtu mwingine si mali yake.

Na ninyi mnaoulizwa, sikilizeni namna mtu anavyouliza. Mwenye kufanya sondaje ya haki anasema anatumwa na nani. Anakuuliza peke yako, chifu wala mwanajeshi asisimame karibu. Anaweza kuuliza miaka yako, kazi yako, mahali ulipotoka, kwa sababu anataka kujua ameingiza mkono sehemu gani ya gunia. Lakini anapotaka kuunganisha jina lako na chama unachopenda, au anapoomba namba ya kadi yako ya uchaguzi, au ya karatasi yako ya kupokelea chakula, hiyo imekwisha kuwa listi ya watu. Unaweza kufunga mazungumzo hapo kwa heshima. Wengi wetu, tukimwona mgeni mwenye karatasi, tunajibu tukifikiri atatuandikia unga. Tunamtaja yule tunayedhani mgeni anampenda. Unga hauji, na hesabu imeharibika.

Niseme kidogo juu ya vyama vyenyewe. Katika listi ya serikali ya mwaka 2023 vyama vilipita 900. Nani anaweza kuvitaja hata 20? Ukimwuliza mtu sokoni chama chake, anakujibu kwa jina la mtu: mimi ni wa fulani. Sondaje zetu, hata zikisema zinapima vyama, mara nyingi zinapima watu, na pengine zinapima mtoto wa nyumbani. Ningefurahi siku moja nisikie sondaje inayouliza chama gani kilisema nini juu ya barabara ya kwenu, au juu ya kurudi kwa waliohama.

Barua mbili mlizotuma zinafanana. Zinauliza juu ya namba zinazopita kwenye simu, za kusema chama hiki kina 80 kwa mia. Hapo ulizeni: nani aliuliza, nani alilipa, lini, watu wangapi, wa wapi, na swali lilisemwa kwa maneno gani. Sondaje ya kweli inaandika hayo yote mahali fulani. Ile isiyoandika hata moja, msiitume kwa wengine.

Barua ya tatu ni ya mama mmoja aliyehama kutoka Masisi. Anauliza kama ni kosa kukataa kujibu. Hapana, mama. Hakuna sheria inayokulazimisha. Ukitaka kujibu, jibu unavyofikiri wewe. Usipotaka, sema "sitajibu", naye ataandika kwamba mmoja hakujibu, kisha ataendelea kwenye hema lingine.