Jaji Aliyefungwa Mikono



Ndugu wapendwa, chini ya mlima huu wa Meru mashamba ni madogo na watu ni wengi. Ndugu wawili wakigombea mpaka wa migomba, panga likainuka na mmoja akafa, uhai wa yule wa pili hutegemea shitaka. Akipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, jaji hupima: umri wake, uchokozi aliofanyiwa, majuto yake. Akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kiliamuru kunyongwa tu. Tumestaajabu daima kwamba mwizi wa kuku husikilizwa kabla ya kuadhibiwa, naye huyu maneno yake hayabadili kitu.

Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, alitamka kuwa adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikiri kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, lakini ikasema Katiba yenyewe inairuhusu kwa manufaa ya umma. Basi ikabaki.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Mahakama yake ya Juu ilipoondoa ulazima wa kifo mwaka 2009, majaji walibaki na uhuru usio na kipimo. Ndipo mwaka 2013 ukatolewa mwongozo: kwa mauaji ya kukusudia jaji aanzie miaka 35 gerezani, kisha apande au ashuke kwa sababu anazozitaja. Kenya iliuondoa ulazima huo kwa wauaji mwaka 2017.

Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba ulazima huo nchini mwetu unavunja haki ya kuishi, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuuondoa katika sheria. Lakini hukumu ya mahakama haifuti kifungu. Kazi hiyo ni ya Bunge.

Wapo wanaotuuliza: na mjane wa marehemu je? Swali hilo ni la haki, na mara nyingi hata sisi mapadre tunamsahau baada ya mazishi. Jaji mwenye kupima aweza kumsikiliza naye. Aliyefungwa mikono hana cha kumwuliza. Kaini mwenyewe aliulizwa kwanza, kisha akaadhibiwa, akatiwa alama ili asiuawe.

Tunaziomba tume za parokia zimwandikie mbunge wa kila jimbo, na barua hizo zitaje kifungu hicho kwa namba yake.