Mlo na Uzito wa Simba na Chui-Milia Mwituni: Hesabu Inayoihusu Nyika ya Kwale

Simba na chui-milia, yule paka mkubwa mwenye mistari ambaye makao yake ni bara la Asia, wanakaribiana sana kwa umbo, na kwa muda mrefu uzito wao umelinganishwa bila kuulizwa mnyama alikuwa amekula nini kabla ya kupandishwa kwenye mizani. Makala hii inashikilia kwamba uzito wa mla nyama wa mwituni hautenganiki na mlo wake wa mwisho, na kwamba tofauti kubwa baina ya wanyama hawa haiko katika kiasi cha nyama wanachohitaji, bali katika namna wanavyoipata na kuigawana. Diani na Msambweni, kwenye pwani ya Kwale, hazina simba, lakini upande wa magharibi wa Kaunti ya Kwale, kutoka Kinango kuelekea Taru na Mackinnon Road, uko jirani na nyika ya Tsavo, na wafugaji wa huko wanaujua mlo wa simba kwa kuhesabu ng'ombe waliopotea.

Simba dume aliyekomaa wa Afrika Mashariki huwa na uzito wa kati ya kilo 150 na 190 hivi, na jike kati ya kilo 110 na 130. Chui-milia wanatofautiana zaidi kulingana na mahali: dume wa India na Nepali huweza kuvuka kilo 200 kwa urahisi, ilhali dume wa kisiwa cha Sumatra huwa kati ya kilo 100 na 140 tu. Chui-milia wa Siberia, ambaye kwa miaka mingi amesifiwa kuwa mkubwa kuliko wote, alipopimwa mwituni na watafiti wa kisasa alionekana kuwa na wastani wa takriban kilo 176 kwa dume, uzito ambao simba wengi wa Afrika Mashariki wanaufikia. Sifa za zamani zilitokana kwa sehemu kubwa na masimulizi ya wawindaji, ambao walikuwa na kila sababu ya kuongeza kilo.

Hata mizani iliyo sahihi inaweza kupotosha. George Schaller, mtafiti aliyewachunguza chui-milia katika hifadhi ya Kanha nchini India kati ya mwaka 1963 na 1965, kisha akahamia Serengeti kuwachunguza simba kuanzia mwaka 1966, aliandika kuhusu simba dume aliyekula takriban kilo 33 za nyama katika usiku mmoja. Simba mwenye kilo 170 akiwa na njaa atasoma kilo 203 baada ya karamu ya namna hiyo, yaani ongezeko la karibu sehemu moja ya tano ya mwili wake, na asubuhi yake huonekana amejilaza chali kivulini, tumbo limemvimba na pumzi zinamtoka kwa kasi. Chui-milia naye huweza kula zaidi ya kilo 20 kwa usiku mmoja. Kwa hiyo jedwali lolote linalomlinganisha simba mmoja na chui-milia mmoja bila kutaja hali ya tumbo linalinganisha, pengine bila kujua, mnyama na mnyama pamoja na chakula chake.

Kuhusu mahitaji ya kila siku, msingi mzuri ni kanuni iliyotolewa na Max Kleiber mwaka 1932, inayosema kwamba nishati ambayo mwili unaitumia ukiwa umepumzika haiongezeki sambamba na uzito, bali kwa kadiri ya uzito uliopandishwa kwa kipeo cha robo tatu. Maana yake ni kwamba kila kilo ya mwili wa mnyama mkubwa inahitaji chakula kidogo kuliko kila kilo ya mnyama mdogo. Paka wa nyumbani wa kilo nne, kilo kwa kilo, anahitaji zaidi ya mara mbili ya anachohitaji simba. Kwa simba wa kilo 175 kanuni hiyo inatoa takriban kilokalori 3,400 kwa siku akiwa amelala, na akitembea, akiwinda na kulinda eneo lake matumizi hupanda hadi mara mbili au tatu, kiasi ambacho kwa nyama isiyo na mafuta mengi ni kati ya kilo tano na saba hivi. Makadirio ya Schaller ya kilo saba kwa dume na tano kwa jike yanaingia humo, na makadirio ya chui-milia wa Chitwan, Nepali, ya kilo tano au sita kwa siku, hayako mbali.

Wanapotofautiana ni mezani. Chui-milia huua peke yake, mara moja kwa takriban siku saba au nane, huuburura mzoga hadi kichakani karibu na maji, akaanza kula sehemu za nyuma, na kuurudia kwa siku tatu au nne mpaka unabaki mifupa na ngozi. Simba hawana subira hiyo. Hupasua tumbo, hula maini na matumbo kwanza, na kila mmoja hula kwa haraka huku akimngurumia jirani, kwa sababu nyama isiyomezwa sasa itamezwa na mwingine. Dume huja mwisho na kula kwanza, na watoto hupata kilichobaki. Mwaka wa mawindo haba hao ndio wanaokufa njaa huku mizani ya dume ikiwa haijashuka.

Ingedhaniwa basi kwamba kuishi kwa kundi kunaleta shibe, lakini utafiti uliochapishwa na Craig Packer na wenzake mwaka 1990 kutoka Serengeti ulionyesha vingine: msimu mawindo yalipokuwa haba, jike aliyewinda peke yake alipata chakula sawa na alichopata kila jike katika kundi la majike watano au sita waliowinda pamoja, na waliokuwa wawili hadi wanne ndio walioambulia kidogo. Simba hukaa pamoja hasa kwa kulinda watoto na eneo. Huko Tsavo, ambako madume wengi hawana manyoya ya shingoni au wana machache tu, dume mmoja ameonekana akiishi na majike saba hivi bila dume mwenzake, hivyo huenda mgawanyo wa chakula nao ni tofauti na ule wa Serengeti. Mkazi wa Msambweni anayetaka kumwelewa chui-milia atamkaribia zaidi kwa kumtazama chui wa Shimba Hills, mpweke vilevile, ingawa uzito wake ni theluthi au robo tu ya ule wa chui-milia.

Hesabu hizi zinaipa Kinango jambo la kushika. Kundi la dume mmoja na majike watano linahitaji takriban kilo 32 za nyama kwa siku, na ng'ombe wa kienyeji wa kilo 240, ambaye takriban theluthi mbili ya mwili wake ndiyo inayolika, anatosha siku tano. Simba waliofukuzwa kwenye mzoga kabla ya kushiba watabaki na njaa ileile, na uwezekano wa kuua tena usiku unaofuata ni mkubwa. Kuuwekea mzoga sumu ni kubaya zaidi, kwani huua pia fisi, tumbusi na mbwa wa boma. Boma imara la usiku hugharimu kidogo kuliko yote hayo, na linahitajika zaidi majira ya mvua, wanyama wa mwituni wanapotawanyika kufuata majani na maji na kuwa wagumu kuwindwa.

Linalopendekezwa hapa ni kwamba kwa kila simba au chui anayenaswa au kupatikana amekufa katika Kwale, maofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori waandike, pamoja na uzito, jinsia na hali ya meno, uzito wa kilichomo tumboni kama mnyama amekufa, au ukubwa wa tumbo kwa kulitazama kama yu hai, na kwamba fomu za madai ya fidia chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ziambatanishwe na maelezo ya kiasi cha mzoga kilichokuwa kimeliwa.