Duka la Wanunuzi Wenyewe
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Tangu shauri la kufungua duka letu lilipoletwa, tumesikia swali moja likirudiwa: je, karani aweza kuchukua sukari tarehe 20 akalipa mshahara utokapo? Kabla ya kujibu, yafaa tutazame mji wa Rochdale, Uingereza, ambako jambo hili lilijaribiwa zamani.

Mwaka 1833 watu wa mji huo walifungua duka la ushirika. Likakopesha wateja, nalo halikudumu ila miaka miwili hivi. Mwaka 1844 wakasimama watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, wakachanga paundi 28, wakakodi chumba katika njia iitwayo Toad Lane. Jioni ya tarehe 21 Desemba walifungua milango. Ndani mlikuwa na siagi, sukari, unga na mishumaa, vitu haba hata wapita njia wakacheka.

Walakini kanuni zao zilikuwa imara: bidhaa safi, mizani ya haki, fedha taslimu. Kila mwanachama kura moja, mwanamke sawa na mwanamume, mwenye hisa nyingi sawa na mwenye chache. Hisa zilipata riba yenye mpaka. Faida iliyosalia ilirudi kwa wanunuzi kwa kadiri ya manunuzi yao. Tuseme yarudishwa shilingi 5 katika kila mia: aliyenunua vitu vya shilingi 40,000 apata 2,000, na tajiri asiyenunua kitu hapati hata senti ya fungu hilo. Katika duka kama hili apunjaye mizani ajipunja mwenyewe.

Basi mkopo wa duka hili hautoki kwa tajiri; watoka katika mfuko wa wenzetu waliokwisha kulipa. Karani akihamishwa wilaya nyingine (nasi twajua jinsi deni lisivyopanda gari la mizigo), rafu hubaki tupu, na mwuzaji wa jumla hangoji. Tena, nani atakayemdai mkubwa wake wa ofisini? Mwenye shida na aende kwenye chama cha kuweka na kukopa, penye wadhamini na daftari la madeni.

Kwa hiyo twaomba kwamba katika rasimu iliyo mbele yenu, maneno “atakopeshwa hata mwisho wa mwezi” yafutwe kabla ya kura kupigwa.