Kwa Nini Kongo Iliingia Vitani Mwaka 1914

Ndugu wananchi wa Uvira, mama zetu, na ninyi wenzetu wa migodi mliotoka Kamituga:

Tunaulizwa mara nyingi: Kongo ilikuwa na ugomvi gani na Wadachi, hata watu wetu wakapelekwa kufa njia ya Tabora? Ugomvi haukuwapo. Mapatano ya Berlin ya mwaka 1885 yaliruhusu nchi za bonde la Kongo kukaa kando, vita vya Ulaya vikitokea. Tarehe 4 Agosti 1914 Wadachi walivamia Ubelgiji, nayo ilikuwa nchi isiyo na upande tangu mkataba wa 1839. Hata hivyo Wabeleji walitaka koloni lao libaki nje ya vita. Msidhani walituhurumia! Mpaka ulikuwa mrefu, na askari wao wametawanyika.

Kisha vita vikaja hapa petu. Tarehe 15 Agosti Wadachi walipiga mizinga Mokolubu, kusini ya Uvira, wakavunja mitumbwi na kukata waya wa simu. Mtumbwi wa mvuvi ulikuwa na kosa gani? Tarehe 22 meli yao, Hedwig von Wissmann, ikapiga bandari ya Lukuga, yaani Kalemie ya leo, ikaiharibu meli ya Wabeleji, Alexandre Delcommune. Mwisho wa mwezi ule serikali ya Ubelgiji ikaruhusu jeshi la koloni lipigane pamoja na Waingereza.

Sababu hiyo ni ya kweli, lakini ilikuwapo na nyingine, nayo haikusemwa kwa sauti. Wabeleji walitaka kuwa na ardhi mkononi siku ya kugawana. Walitumaini kuibadilisha wapate ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo, uliokuwa wa Wareno. Ndiyo maana hawakutosheka kulinda ziwa. Juni 1916 wakachukua Usumbura, ile tunayoiona ng'ambo, na tarehe 19 Septemba askari wa Jenerali Tombeur wakaingia Tabora.

Nani alibeba mizigo? Wapagazi zaidi ya 200,000, wengi wakachukuliwa kwa nguvu mashambani. Njaa na kuhara viliwamaliza kuliko risasi. Shaba ya Katanga nayo ikaenda kutengeneza silaha, mchimbaji asiambiwe inakokwenda. Hakuna mmoja wao aliyeulizwa kama nchi yake iingie vitani au ikae.

Wareno hawakutoa ukingo wao. Wabeleji wakapewa Ruanda-Urundi, wakaishika mpaka tarehe 1 Julai 1962.