Usizime Pampu, Ipunguze

Msikilizaji unayefuga samaki wa mapambo, leo tunasema nawe unayezalisha beta, yule samaki mpiganaji mwenye mapezi marefu.

Dume la beta hujenga kiota cha povu juu ya maji. Mayai hukaa humo. Maji yakitikisika, kiota husambaratika. Ndiyo maana wengi huzima pampu ya hewa. Hapo ndipo wanapokosea.

Beta mkubwa huja juu kuvuta hewa. Kifaranga bado hawezi. Wiki za mwanzo hutegemea hewa iliyomo ndani ya maji tu.

Kwa hiyo, usizime pampu. Ipunguze. Weka koki ndogo kwenye mpira wa hewa, uikaze mpaka mapovu yatoke mojamoja. Tumia chujio la sponji, mbali na kiota. Sponji haifyonzi vifaranga, na bei yake haiumizi. Maji yasiwe na kina kirefu. Mabaki ya chakula yatoe siku hiyohiyo, maana yakioza humaliza hewa.

Nasema tena: pampu usiizime, ipunguze. Vifaranga wakianza kuogelea wenyewe, mhamishe dume, asije akawala.