Tango si Kuburutana

Wengi hudhani kwamba katika tango mwanamume humburuta mwenzake. Sivyo. Kule Buenos Aires na Montevideo, dansi hii ilikozaliwa, anayeongoza huongoza kwa kifua. Mkono ukianza kuvuta, mwenzake hupepesuka. Naye anayefuata, ambaye mara nyingi hurudi kinyumenyume asione aendako, hashikiliwi asianguke: uzito wake u juu ya mguu wake mwenyewe. Wapo wanaoegemeana vifua, lakini hata hao hawabebani kama magunia. Kazi ngumu, kwa maoni yangu, ni kungoja. Kiongozi hualika hatua, kisha humsubiri mwenzake aimalize. Wenye pupa, na tunawajua, huikimbilia inayofuata. Wakongwe husimama kimya katikati ya muziki, wamekumbatiana, mpaka wote wawili wawe tayari.