Kufundisha Uwiano, Maumbo Yanayofanana na Asilimia Kuwa Somo Moja



Naomba idhini ya kuleta mbele yenu, walimu wenzangu, rai moja mintarafu ya ufundishaji wa hisabati kwa wanafunzi wa madarasa ya juu ya skuli za msingi na wa vidato vya mwanzo, nayo ni kwamba uwiano, maumbo yanayofanana na asilimia, mada ambazo vitabu aghalabu huziweka katika sura mbalimbali, nasi tukazifundisha katika mihula mbalimbali kana kwamba hazina nasaba, asili yao ni fikra moja, na mwanafunzi asiyeonyeshwa umoja huo huhifadhi kanuni tatu asiifahamu hata moja.

Fikra yenyewe ni hii. Viwango viwili hulinganishwa kwa njia mbili: ama kwa kutazama kimoja kimezidi kingine kwa kiasi gani, ama kwa kutazama kimoja ni mara ngapi ya kingine. Njia ya kwanza, ya kujumlisha na kutoa, mtoto huizoea tangu udogoni. Ya pili, ya kuzidisha na kugawanya, huja kwa malezi ya taratibu. Jean Piaget na Bärbel Inhelder, katika kitabu chao cha mwaka 1955, walieleza kuwa fikra ya uwiano hukomaa katika umri wa kubaleghe, ndio umri wa hawa tunaowafundisha. Kwa hivyo mwanafunzi anayekosea hapa haifai kuitwa mjinga wala mvivu, madhali anaitumia ilmu sahihi, ile ya kujumlisha, mahali pasipo pake.

Kosa la kujumlisha

Mfano wa kosa hilo ulio bayana kuliko yote ni wa Guy Brousseau, mwanachuoni wa Kifaransa aliyetunukiwa Nishani ya Felix Klein ya mwaka 2003 kwa utafiti wake katika ufundishaji wa hisabati. Katika skuli moja ya Talence, karibu na Bordeaux, watoto walipewa umbo lililokatwa vipande, wakaambiwa watengeneze jingine kubwa la namna ile ile, kwa sharti kwamba upande uliokuwa na sentimita 4 uwe na sentimita 7, na kila mmoja akikuze kipande chake peke yake. Wengi waliiona hisabu kuwa nyepesi: 4 imekuwa 7, basi kila upande na uongezwe 3. Walipoviunganisha vipande havikukaa. Hapa pana mwanya, pale pamepandana. Wakadhani kwanza kwamba mwenzao mmoja hakukata sawasawa, wakapima upya, na vipande vikakataa vile vile, hata wakalazimika kuishuku kanuni yao wenyewe. Na dalili ya ubatili wake ni rahisi: ikiwa sentimita 4 huwa 7, basi sentimita 8, ambazo ni 4 mara mbili, hazina budi kuwa 14, ilhali kwa kanuni yao zingekuwa 11. Hapakuhitajiwa wino mwekundu wa mwalimu, kwani karatasi zenyewe zilitoa hukumu.

Mara ngapi, na ya kitu gani

Swali la "mara ngapi?" pekee halitoshi, lazima lifuatwe na "ya kitu gani?" Chukueni zege la saruji, mchanga na kokoto kwa uwiano wa 1:2:4, ambalo watoto wetu huliona likikorogwa mitaani kila siku. Ukiuliza saruji ni sehemu gani ya zege lote, wengi watajibu robo, kwa kuwa wameilinganisha na kokoto. Lakini jumla ni karai 7, na saruji ni moja ya saba. Mwanafunzi akiagizwa karai 35, naye akagawa 5, 10 na 20, kisha akazijumlisha mwenyewe, atayakinisha kwa mkono wake tofauti ya kulinganisha sehemu na sehemu, na kulinganisha sehemu na jumla.

Kadhalika katika maumbo yanayofanana. Inasimuliwa tangu kale kwamba Thales wa Mileto alikadiria kimo cha piramidi ya Misri kwa kivuli chake. Nasi twaweza kutoka na darasa uwanjani, tukasimamisha fimbo ya mita 1 yenye kivuli cha sentimita 80, tukapima wakati ule ule kivuli cha mnazi, na kikiwa mita 12, kimo chake ni mita 15, kwani pembetatu ya fimbo na kivuli chake inafanana na ile ya mnazi na kivuli chake. Kisha tuwaonye kuhusu eneo: katika ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1, lakini kilomita moja ya mraba huchukua sentimita 4 za mraba, kwani urefu na upana kila mmoja ni sentimita 2.

Na asilimia ni uwiano ule ule ambao jumla yake imefanywa 100. Zaka ya fedha iliyofika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na kupitiwa na mwaka ni moja ya arubaini, yaani 2.5%, katika shilingi 4,000,000 hutoka 100,000. Hapa pia swali la "ya kitu gani?" ndilo linalookoa: bidhaa ya shilingi 10,000 ikipandishwa 20% huwa 12,000, na ikishushwa tena 20% huwa 9,600, maana asilimia ya pili imehesabiwa juu ya thamani mpya.

Mapendekezo

Nasaha zangu ni tatu. Kwanza, mada hizi zifundishwe zikifuatana, kwa jedwali moja la safu mbili linalotumika katika zege, katika kivuli na katika zaka. Pili, kanuni ya kuzidisha kwa mshazari icheleweshwe mpaka mwanafunzi aweze kueleza kwa maneno yake kilichozidishwa na mara ngapi. Tatu, kila jibu lijaribiwe kwa kipimo, kwa mkasi au kwa kujumlisha upya, kabla mwalimu hajatia alama. Walimu wenzangu, mtihani huuliza jibu, lakini soko, ujenzi na mirathi huuliza fahamu. Tuwape watoto wetu fahamu, na jibu litafuata.